Filamu Moja, Miisho Miwili

Kosa lilikuwa la Karani mwenyewe, hana wa kumsingizia. Jumatano ile alipoombwa tikiti mbili za mwaliko, alichomoa moja kwenye bunda la njano na nyingine kwenye bunda la kijani, bila kutazama, kwa kuwa macho yake yote yalikuwa kwa mwombaji. Wanasema mapenzi ni upofu. Si kweli hata kidogo. Mapenzi yanaona vizuri sana, ila yanaona mtu mmoja tu, na tikiti si mtu.

Kazi yake ilikuwa kuchukua maoni. Filamu mpya kabla haijatoka huonyeshwa kwanza kwa watu wa kawaida waliopewa tikiti za bure, na wakitoka humkuta Karani nyuma ya meza yake pale sebuleni mwa jumba la sinema, kadi mbele yake, kalamu mkononi, akiwauliza wameionaje. Msimamizi alimpa sheria tatu siku ya kwanza: andika neno kwa neno, usimjibu mtazamaji, na usimwambie mtu kwamba kuna mwisho mwingine. Ndiyo, mwisho mwingine. Waliotengeneza filamu hii walishindwa kukubaliana, wakapiga miisho miwili. Wenye tikiti za kijani waliingia ukumbi wa chini, wenye za njano wakapanda ukumbi wa juu, na filamu ilikuwa ileile mpaka zilipobaki dakika kumi. Ukumbi wa chini ulitangulia kuanza kwa nusu saa, ili watu wasije wakakutana mlangoni wakaanza kuulizana.

Filamu yenyewe ilitokana na riwaya iitwayo *Mtungi wa Usingizi*, hadithi ya paukwa pakawa iliyoandikwa kwa ajili ya watu wazima. Mfalme alilala jioni, asubuhi hakuamka. Malkia akaogopa mwanawe asije akaenda vilevile, basi akauiba usingizi wa mtoto akaufungia mtungini. Mtoto akakua bila kulala, anazunguka vyumbani usiku kucha, mpaka akaletwa msichana mshona mito amtengenezee mto wa kumlaza. Wakapendana. Msichana akaugundua mtungi. Kitabuni, malkia anampigia magoti, na msichana anaurudisha mtungi mikononi mwake, anaondoka zake, mwana wa mfalme anabaki dirishani macho wazi. Huo ndio mwisho walioonyeshwa watu wa chini. Watu wa juu wao walionyeshwa msichana akiuvunja mtungi, kijana analala, anaamka, ngoma, harusi, na malkia anageuka jiwe langoni.

Karani na Fundi walikisoma kitabu hicho pamoja. Fundi alikuwa fundi miwani, mwenye duka la dirisha pana, na mikono isiyotetemeka. Alikuwa akichonga vioo, Karani akimsomea kurasa kumi kumi, na walipofika pale mshona mito anapoondoka, Fundi alizima mashine akasema, "Aka! Huyu mwandishi hana mama? Mtu anaachaje mpenzi aliyempata kwa tabu hivyo?" Karani alicheka. Siku hizo alikuwa anacheka kwa urahisi.

Miaka miwili walipendana, na si kwa kificho. Posa ilipokaribia, mama yake Fundi alisema jambo moja tu: wapime damu kwanza. Hakuna aliyemlaumu. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini, mtaa mzima ulimwita Mama Mkunga, na alikuwa amemzika kitindamimba wake, binti wa miaka kumi na mmoja, kwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wakapima. Wote wawili walikuwa wazima, hawajaumwa hata mafua ya maana, lakini tuseme alivyosema daktari: kila mmoja amebeba nusu ya ugonjwa ndani ya damu, nusu isiyomdhuru yeye, ila nusu mbili zikikutana kwa mtoto, mtoto ndiye anayelipa. Kila mimba, nafasi moja kati ya nne.

Mama Mkunga aliyasoma majibu akiwa amesimama. Akaikunja karatasi mara nne. "Hapana," alisema. "Si katika nyumba yangu. Si mara ya pili."

Ilikuwa miezi sita sasa. Fundi alihama nyumbani, akawa analala chumba cha nyuma cha duka. Yeye na mama yake walibaki na salamu tu, zile za kutupiana kama mtu anayelisha mbwa wa jirani. Kila alipomwambia Karani, "Tuoane, mengine tutayaona mbele," Karani alijibu jibu moja: "Siku mama yako atakaporidhia, nitakuja hata kwa miguu. Siwezi kuolewa juu ya machozi ya mzazi." Watu waliposikia walimsifu. Lo, binti ana adabu huyu! Binti kalelewa! Naye alizipokea sifa zile akiinamisha kichwa.

Ndipo Jumatano Fundi akaja na wazo lake. "Nipe tikiti mbili. Nitamleta mama. Mimi anaweza kunikatalia, lakini ataikatalia hadithi? Aone mwenyewe malkia yule anavyomtesa mwanawe kwa jina la mapenzi."

Sasa ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, na mzee wa kuonyesha watu viti, waliyemwita Babu Tochi, alikuja mezani akitweta.

"Karani, leo nimetukanwa. Kuna mama na mwanawe tikiti hazifanani rangi, mmoja kijani mmoja njano. Kijana anataka wakae pamoja. Nikamwambia sheria ni sheria, hata ungekuja na mjomba wako rais. Nimempeleka mama chini, yeye juu."

Karani aliisukuma kadi kando. "Mama mwenyewe yukoje?"

"Mrefu, mkoba kifuani. Ananitazama kama nimechelewa kwenda kliniki."

"Babu, wabadilishe! Mpeleke mama juu."

"Filamu ina saa nzima imeanza, binti yangu. Nimpeleke juu akarudie aliyokwisha kuyaona?"

Hakuna la kufanya. Karani alijikaza kisabuni, akapanga kadi zake. Saa kumi kasoro robo milango ya chini ilifunguka na watu wakamwagika sebuleni wakipepesa macho kwa mwanga.

"Andika hivi," alianza bwana mmoja mwenye kofia. "Kitabuni kulikuwa na mbwa. Mbwa yuko wapi? Nimekisoma kitabu mara tatu, mbwa ndiye mwenye akili peke yake mle. Wamemla?"

Karani aliandika: *Mbwa yuko wapi.*

Mwanamke mmoja mwenye kitambaa kilicholowa alisema amelia mpaka shingo, na kwamba angejua angekuja na taulo. Mumewe alisema yeye hakulia, ni vumbi. Binti wa shule alisema mwana wa mfalme ni mzuri kupita kiasi, mtu asiyelala miaka ishirini hawezi kuwa na ngozi ile. Msusi mmoja alisema nywele za malkia zilikuwa za bandia na zimeshonwa vibaya, lakini mwisho umemchoma, kwa sababu yule mshona mito hakufukuzwa na mtu, aliondoka kwa miguu yake, na hilo ndilo linalouma. Karani aliandika yote neno kwa neno. Hilo la msusi aliliandika polepole.

Sebule ikapungua watu. Mama Mkunga alikuwa amesimama kando ya nguzo, akingoja awe wa mwisho, kama walivyozoea wanawake waliofanya kazi hospitali, wanaojua kuwa mambo mazito husemwa foleni ikiisha. Kisha akaja, akavuta kiti, akakaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda." Aliweka mkoba magotini. "Unaandika kila kitu?"

"Neno kwa neno, mama."

"Na mtu akisema, hujibu?"

"Haturuhusiwi kujibu."

"Vizuri. Basi leo utanisikiliza." Akatazama kadi, si uso. "Andika. Mtazamaji ni mwanamke, miaka sitini na mitatu. Anasema filamu ni nzuri, isipokuwa walimfanya malkia mbaya mno mwanzoni. Yule si mbaya. Yule kaona mtu wake kalala hajaamka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Andika tena. Mwishoni msichana anampa mtungi. Malkia kashinda. Kaushika mtungi wake kifuani, mtoto wake yuko hai, yuko palepale dirishani. Lakini hamgeukii. Mama anamwita, hageuki." Mama Mkunga aliukaza mkoba magotini. "Nikajiuliza, huyu mama kashinda nini? Mimi nina mtoto mmoja amebaki. Miezi sita ananiambia 'shikamoo' akiwa anatazama ukuta. Nampikia, sahani inarudi. Nikipita dukani kwake anainama kwenye mashine. Karani, nimezalisha watoto wa watu maelfu, wa kwangu nimemfanya yatima nikiwa hai."

Kalamu ya Karani ilikuwa imesimama.

"Andika, nimekwambia. Sijamaliza." Mama Mkunga alifuta jicho kwa kiganja, kwa hasira, kama anafukuza inzi. "Binti yangu alikuwa akishikwa na maumivu, mifupa yote, analia mpaka sauti inakatika, mimi mkunga nimekaa na dawa zangu sina la kufanya. Hilo ndilo nililokuwa nawaepusha nalo. Lakini siku akiwa mzima, mwanangu, alikuwa akicheza kamba uani mpaka majirani wanatoka kutazama. Ukiniuliza leo, ungetaka asingezaliwa? Sina jibu. Miaka kumi na mitano nalitafuta sina. Kama mimi mwenyewe sina jibu, nilipata wapi ubavu wa kuwajibia nyinyi?"

Akanyoosha mkono, akaushika mkono wa Karani, kalamu na yote.

"Nimeridhia. Njoo nyumbani. Njoo uwe mwanangu. Mkizaa tutalea, ikija shida tutaibeba sote watatu. Nimemaliza maoni yangu."

Haya. Msomaji, neno ambalo Karani alilingoja miezi sita lilikuwa limetua mezani. Angeruka. Angepiga kigelegele pale pale, Babu Tochi adondoshe tochi yake. Badala yake moyo wake ukasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuiruhusu kusema: *Kwa nini umekubali? Nani sasa atakataa kwa niaba yangu?*

Alitazama mkono ule wa mkunga uliomshika. Mkono ulioosha watoto. Akajiona kwa mara ya kwanza alivyokuwa. Tangu siku ya majibu hakuwa amelala vizuri hata wiki moja. Alikuwa akimwota mtoto asiye na uso, anayelia mifupa. Lakini hakumwambia mtu, kwa nini aseme? Mama Mkunga alikuwepo, amesimama mlangoni kama ukuta, na ukuta unaegemeka.

"Mama," alisema, na hapo ile sheria ya pili, ya kutojibu, ikavunjika. "Mama, nisamehe. Si wewe."

"Si mimi nini?"

"Si wewe uliyekataa. Yaani ulikataa, lakini hata usingekataa, mimi nisingeweza. Naogopa, mama. Naogopa mpaka nachoka. Nilisema 'mama yake akiridhia' kwa sababu nilijua hutaridhia."

Mama Mkunga hakuutoa mkono. Alimtazama kwa macho yale ya kutafuta mtoto amelalaje tumboni.

"Mficha uchi hazai," alisema taratibu. "Miezi sita, mwanangu. Ungeniambia mimi, hata kama hukuweza kumwambia yeye."

"Nilikuwa naona haya. Watu walikuwa wananisifu."

"Ee Mungu wangu," alisema Mama Mkunga, na hakulisema kwa ukali.

Ngazi za juu zikaanza kuvuma miguu. Watu wa juu walishuka wakicheka, wengine wakiigiza ngoma za harusi, na katikati yao alishuka Fundi, shati jeupe, uso umechangamka kama mtu aliyeona matokeo ya mtihani. Aliwaona wawili wale wameshikana mikono mezani, akasimama ngazi ya mwisho. Kisha akaja mbio.

"Mama! Umeona? Umeona alivyouvunja?"

"Nani kavunja nini?"

"Mshona mito! Mtungi! Akaupiga chini, paa! Kijana kalala, kaamka mzima, hakufa!" Alikuwa anamwambia mama yake maneno mengi kuliko ya miezi sita yote. "Na malkia akawa jiwe. Pale nilisema hapana, wamezidisha, hata kama ni hadithi mama wa mtu hageuzwi jiwe. Lakini kijana aliamka, mama!"

"Hakuna aliyevunja mtungi," alisema Mama Mkunga. "Msichana kaurudisha. Kaondoka."

"Hiyo ni ya kitabuni."

"Nimeona kwa macho yangu mawili, na miwani uliyonitengenezea wewe."

Wakageukia Karani wote wawili. Msimamizi alikuwa amesimama si mbali, anahesabu kadi, sikio limesimama. Karani alisema hivyo hivyo, kwa sauti ya kusikika.

"Miisho ni miwili. Juu mmoja, chini mwingine. Nilikupa tikiti za rangi mbili, kosa langu."

Fundi alicheka. "Wewe kweli! Basi mama kaona ule wa huzuni." Akamwangalia mama yake, kicheko kikapungua, akaona macho yalivyovimba. "Mama, kuna nini?"

"Nimeridhia," alisema Mama Mkunga. "Nimemwambia mwenzako. Mimi sina kinyongo tena."

Kama mtu angetaka kujua furaha inavyoonekana usoni, angekuwepo sebuleni pale. Fundi alimkumbatia mama yake akamwinua kutoka kitini, mkoba ukaanguka, kisha akazunguka meza, akapiga goti mbele ya Karani na kuushika uso wake. Macho yake yalikuwa na maji.

"Umesikia? Ulisema hata kwa miguu utakuja. Twende. Leo hii hii. Mbona unalia? Hee, mpenzi, mbona unalia?"

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuolewa na wewe. Sikuweza tangu siku ile ya majibu. Nilimsingizia mama yako."

Alimwambia yote, kwa maneno machache, kwa sababu hakuwa na pumzi ya maneno mengi. Fundi alibaki na goti chini, mikono imeshuka.

"Basi tusizae," alisema. "Nani kasema lazima? Tutakaa wawili. Tutalea wa watu."

"Unafunga duka kila mtoto anapovaa miwani mara ya kwanza, unatoka naye nje umwonyeshe majani ya mti. Utakaa bila mtoto mwaka, miwili. Mimi pia namtaka, nisikudanganye, namtaka wa kwetu, mwenye pua yako. Siku moja tutasema tujaribu, mara moja tu. Tutajaribu, Fundi. Tunajijua. Na mimi sina moyo wa mama yako. Yeye aliweza. Mimi nitavunjika, na mtoto atakuwa amenishika mkono."

"Unanipenda?"

"Usiniulize hilo hapa."

"Nakuuliza. Unanipenda?"

"Sana," alisema. "Kuliko ninavyoweza kuvumilia."

Kisha Karani aliona jambo lingine likimjia Fundi usoni polepole, na hilo ndilo aliloliogopa kuliko kuachana. Fundi alimgeukia mama yake aliyekuwa anaokota vitu vya mkoba sakafuni: kitana, funguo, kopo la dawa ya shinikizo la damu. Halafu akamrudia Karani.

"Miezi sita," alisema, chini sana. "Alikuwa analeta chakula mpaka mlangoni, na mimi nakirudisha. Uliniona nikikirudisha. Ulikuwa umekaa pale pale kwenye benchi la dukani, ukaniona."

"Niliona."

"Hukusema kitu."

"Sikusema."

Alisimama. Kama angefoka ingekuwa nafuu, kama angepiga meza watu wageuke. Hakufanya lolote. Alimtazama kama anavyotazama kioo kilichopasuka wakati wa kuchongwa, akitafuta kama kuna upande wa kuokoa, kisha akaacha kutafuta.

Akachuchumaa sakafuni karibu na mama yake. Akaokota kopo la dawa, akalisoma.

"Tangu lini unameza hizi, mama?"

"Tangu juzi juzi."

"Nisamehe."

"Nishakusamehe kabla hujazaliwa, wewe. Inuka, watu wanatutazama."

"Umekula leo?"

"Nitakula nyumbani."

"Tutakula," alisema Fundi. Akambebea mkoba, akampa mkono wa kuegemea.

Walikwenda polepole kuelekea mlangoni, mama na mwana. Fundi hakugeuka. Aliyegeuka ni Mama Mkunga, katikati ya sebule, akasimama kabisa, akamtazama Karani kwa macho ya mtu aliyeacha mgonjwa kitandani bila wa kumwangalia. Hatua moja akaanza kurudi. Karani alimtikisia kichwa. Alisema bila sauti, kwa midomo tu, *nenda naye, mama,* na Mama Mkunga akasita, akashusha pumzi, akaenda.